Mfute Yule wa Roshani

"Binti, huyu mama mbona umemfuta juu, chini umemwacha?"

Brashi alicheka. Alidhani mzee wa kuchapa picha anamtania, maana yule mzee kwa utani hajambo.

"Mama gani tena, mzee wangu?"

"Sogea uone. Picha ikiwa ndogo hajulikani. Huku kwenye ukubwa wa ukuta anakukodolea macho."

Picha ilikuwa imetandazwa mezani, bado inanuka wino. Ilikuwa ya mtaa baada ya mvua, imepigwa kwa kamera kama picha nyingine yoyote, kisha Brashi akaipaka kwa kompyuta, kidogo kidogo, mpaka ukiitazama unaweza kuapa kwamba imechorwa kwa rangi za mafuta. Kulikuwa na ghorofa kuukuu, milango ya kijani, na juu ghorofa ya tatu roshani tupu. Lakini kwenye dimbwi katikati ya barabara roshani ile ile ilionekana kichwa chini, na ndani yake alisimama mwanamke ameinua mkono.

"Uuuwi! Nimesahau kumtoa kwenye maji!"

"Watu si watasema ni jini? Juu hayupo, chini yupo, tena anasalimia."

"Nyamaza, mzee. Usichape nyingine. Naenda kurekebisha, nakurudishia leo leo."

Brashi alijilaumu njia nzima. Maonyesho ya picha yalikuwa kesho yake alasiri. Mama yake na shangazi yake walikuwa wanakuja, wameshashona nguo, kwa sababu mbele yao Fokasi alikuwa ameahidi kutangaza tarehe ya ndoa. Fokasi ndiye mpiga picha, na ndiye aliyemvalisha Brashi pete. Kazi yao ilikuwa ya watu wawili: yeye anaupiga mtaa ule ule kila asubuhi, kwa jua na kwa mvua, na Brashi anakaa ofisini anapaka. Mtaa wenyewe Brashi hakuwahi hata kuukanyaga.

Alipofika ofisini akampigia.

"Mpenzi, picha ya mvua imenitoa jasho. Yule mama wa roshani kabaki kwenye dimbwi."

Upande wa pili mlango ulifungwa taratibu.

"Upo?"

"Nipo. Mfute."

"Namfuta, usiwe na wasiwasi. Lakini hivi anampungia nani kila siku?"

"Nitajuaje mimi? Labda muuza mboga. Anaharibu picha, mfute. Na zile picha ambazo hazijaguswa si nilikuambia uzitupe?"

"Nizitupe kwa nini? Si ndizo ninazofanyia kazi?"

"Haya, malkia wangu. Mfute, zima kompyuta, kapumzike. Kesho siku yetu."

Brashi akatabasamu peke yake kama chizi. Mapenzi bwana! Akaifungua picha yenyewe, ile ambayo haijaguswa, ili aone mpaka wa roshani unaishia wapi. Siku zote alikuwa akizungushia roshani yote mstari, kisha anapaka ukuta juu yake, basi. Hakuwa na sababu ya kumtazama mtu anayemfuta. Leo, kwa sababu ya dimbwi, ilibidi atazame. Akaikuza picha.

Mwanamke alikuwa kijana, anacheka. Nyuma yake kulikuwa na kamba ya nguo, na kwenye kamba lilining'inia shati jeupe lenye kamera nyekundu kifuani. Kamera yenye kope ndefu.

Shati lile halikuuzwa dukani. Alilichora yeye, kwa mkono wake, kope moja moja, akampa Fokasi siku yake ya kuzaliwa. Dunia nzima lilikuwa moja tu. Tena juzi alimuuliza mbona halivai, akajibiwa, "Nalitunza, mpenzi, nitalivaa siku maalumu."

"Mungu wangu," alisema kwa sauti. "Mungu wangu, ni nini hiki?"

Akafungua picha nyingine ambayo haijaguswa. Na nyingine. Akazipanga kwenye kioo cha kompyuta, kuanzia ya mwanzo kabisa. Mwanamke yule yule, roshani ile ile, mkono juu. Kwenye za mwanzo alikuwa na kiuno chake. Kwenye zilizofuata gauni likaanza kumbana. Kwenye za mwisho alipunga kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mgongo, na tumbo limetangulia mbele.

Brashi aliiweka chini kalamu ya kompyuta. Lakini moyo unaopenda una visingizio. Si Fokasi alisema anaishi kwa kaka yake mkali asiyependa wageni? Basi huyu ni mke wa kaka. Shemeji mtu kumfulia shemeji yake kuna ubaya gani? Alijiambia hivyo njia nzima, akiulizia duka la dawa lililoonekana kwenye kona ya picha, mpaka akasimama mbele ya mlango wa ghorofa ya tatu. Akagonga.

"Karibu! Samahani kwa kukuchelewesha, siku hizi natembea kama bata."

"Asante, dada. Mimi nafanya kazi na Fokasi. Nampakia rangi picha zake."

Mwanamke alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akaangua kicheko.

"Wewe ndiye Brashi? Acha utani! Mbona ameniambia wewe ni bibi mtu mzima, una wajukuu, na miwani umeifunga kwa uzi?"

"Mimi? Wajukuu?"

"Tena mmoja mtundu, kakumwagia chai kwenye kompyuta! Tulicheka siku hiyo! Ingia, ingia, ukae."

Brashi aliingia. Viatu vya Fokasi vilikuwa mlangoni. Mfuko wa kamera wa zamani ulikuwa kwenye msumari.

"Dada, samahani kwa kuuliza. Wewe ni mke wa kaka yake?"

"Kaka yupi? Mume wangu kwao ni mtoto wa pekee."

Mume wangu. Brashi alikaa kwenye kiti bila kuona kiti kilipo. Mwenyeji wake akamletea maji, akakaa taratibu mkabala naye.

"Umekuja kwa ajili ya kesho, eh? Mimi hajanialika. Anasema ngazi ni nyingi, nitachoka. Lakini dada, natamani kujiona!"

"Kujiona wapi?"

"Si nimo kwenye picha zote? Akitoka asubuhi, akifika barabarani, ananipigia kelele: 'Mama mtarajiwa, punga mkono!' Napunga, anapiga. Anasema mtu akimuuliza kwa nini haachi kuupiga mtaa huu huu, atamwonyesha mimi. Basi hata nikiamka na kichefuchefu najikokota hadi nje, nisimharibie kazi. Vipi, natoka vizuri?"

Machozi yalimtoka Brashi, akashindwa kuyazuia.

"Dada, haumo."

"Simo vipi?"

"Nilikufuta. Kwenye zote, kwa mkono wangu huu. Aliniambia unaharibu picha."

Akatoa simu, akamwonyesha. Mwanamke aliishika, akapitisha kidole, picha baada ya picha. Mtaa mzuri, ukuta mzuri, roshani tupu. Alirudi mwanzo akaangalia upya, kama mtu aliyepoteza kitu kidogo. Alipoinua macho yakatua kwenye kidole cha Brashi.

"Na hiyo pete?"

Brashi aliifunika kwa kiganja.

"Nakuuliza, dada. Nani kakuvalisha?"

"Yeye. Kesho alikuwa anatangaza tarehe. Aliniambia hana mtu. Naapa sikujua! Nimekuja kwa sababu ya shati lile kwenye kamba, nililichora mimi."

"Shati lile?" Sauti ya mwanamke ilipanda kwa mara ya kwanza. "Aliniambia kaokota mtumba! Nimelifua kwa sabuni niliyomnunulia mtoto, rangi isitoke! Kwa sabuni ya mwanangu!"

Akalia. Wakalia wote wawili, kila mtu kwenye kiti chake, maji ya kunywa katikati yao hayana mnywaji. Brashi aliona aibu, ingawa alijua kosa si lake peke yake.

"Nisamehe, dada yangu."

"Nikusamehe nini? Anayejua hawezi kuja kunigongea akaniita dada kwa adabu hivyo. Wote tumefanywa wajinga." Alijifuta uso kwa kiganja. "Hizo picha zilizokuwa na mimi bado zipo?"

"Zipo. Aliniambia nizitupe, sikuzitupa."

"Basi nirudishe."

"Nini?"

"Ulinitoa wewe, unirudishe wewe. Kwenye picha zote. Na tumbo langu usilipunguze."

Brashi alimtazama mwanamke yule aliyekuwa akimzungushia mstari miezi yote hiyo, akatikisa kichwa kukubali.

Hakulala. Alimpaka kama alivyowahi kupaka mara chache maishani, cheko lake, vidole vyake, gauni linalobana. Asubuhi alikuwa mlangoni kwa mzee wa kuchapa.

"Binti, jana unataka atoke, leo unataka arudi. Amua basi."

"Nimeamua, mzee. Chapa zote."

Simu ikaingiza ujumbe wa Fokasi: "Malkia, umeshamfuta yule?"

Brashi akajibu: "Ondoa shaka. Kila kitu kiko mahali pake."

Alasiri ukumbi ulijaa. Picha zilifunikwa kwa vitambaa vyeupe ukuta mzima, kila kimoja kikiwa na kamba yake. Fokasi alikuwa kwenye suti mpya, kamera shingoni, anasalimia watu kama bwana harusi. Shangazi mtu alikuwa mstari wa mbele, tayari kupiga vigelegele.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, shangazi," Fokasi alisema kwa heshima zote. "Leo mtafurahi."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kufurahi," shangazi alijibu.

Akasimama mbele yao, akakohoa kidogo.

"Ndugu zangu, watu huniuliza kwa nini mtaa huu huu kila siku. Jibu langu ni moja tu, ni mapenzi. Na aliyenifundisha mapenzi yuko hapa. Brashi, mpenzi wangu, vuta kamba."

Brashi alivuta, akahamia ya pili, akavuta, mpaka akaumaliza ukuta. Makofi yalianza, yakalegea, yakafa. Fokasi bado alitabasamu, maana alikuwa ameupa ukuta mgongo.

"Nzuri," shangazi alisema, ameinamisha kichwa. "Nzuri kweli. Lakini huyu mjamzito anayetupungia kila mahali ni nani?"

Tabasamu lilimganda Fokasi usoni. Aligeuka polepole. Ukutani mke wake alikuwa anampungia kutoka kila upande, tumbo linakua picha kwa picha, na kwenye ile ya mvua alipunga mara mbili, juu na kwenye dimbwi.

"Nani amechezea picha zangu?"

"Mimi," Brashi alijibu. "Sijachezea. Nimerudisha ulichoniambia nifute."

"Brashi, ngoja, tuongee nje. Huyu ni jirani tu..."

"Jirani?"

Sauti ilitoka mlangoni. Watu wakapisha. Aliingia taratibu, mkono mgongoni, amevaa lile shati jeupe. Kamera nyekundu ilikuwa imetanuka juu ya tumbo, kope zimefunguka kabisa.

Fokasi alikauka. "Mke wangu! Ngazi zote hizo..."

"Nimepanda. Kila ghorofa nilipumzika."

"Mke wako?" mama yake Brashi alisimama. "Umesema mke wako?"

"Mama, naweza kueleza. Mpenzi, nisikilize..."

"Unamwita nani?" shangazi alidakia. "Maana hapa wamegeuka wawili!"

Kuna waliocheka, kuna waliofunika midomo. Brashi hakucheka. Alivua pete, akaiweka kwenye mfuko wa suti ya Fokasi, akaupigapiga kidogo ikae vizuri.

"Nilikupenda," alisema. "Nilikupenda hadi ukinielekeza mtu, namfuta bila kuuliza ni nani. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pete."

"Nilikuwa nitakuambia."

"Lini? Mtoto akianza kupunga naye?"

Fokasi alimgeukia mkewe, mikono imeunganishwa. "Mama mtarajiwa, twende nyumbani. Tutayamaliza nyumbani."

"Nyumbani kwako ni kwa mama yako. Nguo zako ziko huko tangu asubuhi. Nilizikunja vizuri, usijali."

Fokasi alivua kamera shingoni, akaiweka mezani kama kitu kinachomchoma, akaanza kutembea kuelekea mlangoni. Viatu vyake vilisikika ukumbi mzima.

"Fokasi!"

Aligeuka haraka. Ungeona tumaini lilivyomjaa usoni.

Mke wake alikuwa amesimama chini ya picha ya mvua. Aliinua mkono, vile vile kama kila asubuhi, akapunga. Alipunga bila kicheko, hadi mlango ukajifunga nyuma ya mumewe.

Kamera ikalia. Brashi ndiye aliyeishika.

"Nimetoka?" mwanamke aliuliza, machozi yanamtiririka, mkono bado uko juu.

Brashi aliangalia kioo cha kamera.

"Umetoka, dada. Na hii siigusi."