Kerubo na Kitenge cha Akina Hategekimana

"Ukiniangusha mbele ya umati huu, Byamungu, kesho usinisalimie kanisani."

"Sitakuangusha."

"Hiki kitu kina breki?"

Byamungu alifikiri kwa uaminifu. "Kina miguu yangu."

Yeye na Kerubo walikuwa juu ya kilima katika bustani moja ya kusini mwa Minneapolis, nyuzi kumi na tano chini ya sifuri, saa nane mchana. Wenyeji wa jiji hilo wana busara yao: baridi ikizidi, hawaikimbii, wanaifanyia sherehe. Siku hiyo kila mtaa, kila shule na kila kanisa lililojiheshimu lilileta sleji ya kutelezea thelujini iliyoundwa kwa mikono, na kazi ya sleji hiyo ilikuwa kuteremka kilima bila kumwua mtu. Mbele yao lilisubiri birika la chai la makaratasi lenye abiria wanne. Nyuma yao alisubiri nyangumi wa maboksi.

Wao walikuwa na chukudu. Aliyewahi kufika Goma anaijua: ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, unaosukumwa kwa mguu mmoja, unaobeba viazi na makaa kuliko lori. Byamungu aliichonga kwenye gereji ya baba yake, mzee Hategekimana, akaing'oa magurudumu na kuipigilia skii mbili kuukuu, zile mbao nyembamba za kuteleza.

Sasa tuseme ukweli wote. Byamungu alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, alifua mashuka katika hoteli moja ya Bloomington, na kwa miezi mitano alikuwa akimpenda Kerubo. Kerubo alikuwa muuguzi, binti wa Nyamira, Kenya, mwimbaji wa sauti ya pili katika ibada ya Kiswahili. Kila Jumapili Byamungu alimpeleka nyumbani kwa gari. Alikwisha kuutangaza upendo huo kwa usukani, kwa mashine za kukaushia na kwa kioo cha bafuni. Aliyebaki bila taarifa alikuwa Kerubo peke yake. Leo, wakifika chini ya kilima salama, angemwambia.

Kerubo alikuja na koti jeusi, na sherehe ilidai rangi. Byamungu alikuwa amejiandaa. Asubuhi hiyo alifungua sanduku la mama yake na kuchomoa kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano, na sasa Kerubo alikuwa amejifunga nacho juu ya koti, amependeza kiasi cha kumsahaulisha kijana wa watu mahali breki zilipo.

Wakateremka. Kwa sekunde nane chukudu ilikwenda kwa heshima. Katika sekunde ya tisa ilikumbuka kwamba ni mkokoteni wa viazi, ikapinduka, ikawamwaga wote wawili kwenye theluji miguuni pa akina mama kumi na watano wa kanisa. Kerubo aliinuka akicheka, theluji imejaa hadi kwenye nyusi.

Akina mama hawakucheka. Walikitazama kitenge. Wakatazamana. Kisha vikapigwa vigelegele ambavyo hata nyangumi alivisikia kule juu.

Hapa ndipo lilipo kosa, na ni kosa ambalo mtoto wa kiume wa nyumba ile tu angeweza kulifanya. Mugabo, kaka yake Byamungu, alikuwa aoe wakati wa Pasaka, na mama yao, Vestine, aliagiza kitenge cha familia. Kipande kimoja kwa kila binti wa nyumba, kimoja kwa kila mke wa nyumba, basi. Alikionyesha mbele ya wanawake wote baada ya ibada na kuwaomba kwa upole wa kutisha mtu mwingine yeyote asikishone. Jumapili hiyo Byamungu alikuwa nje, akikwangua barafu kwenye vioo vya gari, na Kerubo alikuwa zamu hospitalini.

Dada Maombi, ambaye simu yake haijawahi kupoa, alimkumbatia Kerubo, akamwita mke wetu, akamweleza maana ya vazi lake, na kabla ya kumaliza maelezo alikwisha kutuma video ya mteremko ule kwenye kundi la kanisa: "Familia ya Hategekimana imepata bibi-arusi wa pili. Tumshukuru Mungu."

Simu ya Kerubo ikaita. Alikuwa Maurice, kaka yake aliyeishi kitongoji cha Inver Grove Heights, mtu anayeongea kama anasoma hukumu.

"Kerubo, umeolewa?"

"Nani amesema?"

"Video. Mama ameamshwa usingizini kule nyumbani, ameiona kabla yangu. Anauliza kama mbuzi wa mahari walifika nikawala peke yangu."

Kerubo alimwahidi kwamba angempigia baadaye. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. Akamgeukia Byamungu.

"Ulijua?"

"Sikujua."

"Mwanaume anachukua kitenge sandukuni kwa mama yake na hajui ni cha nini?"

"Niliona ndege," Byamungu alisema. "Nikadhani utawapenda."

Wakati huo Maman Vestine aliwasili, akipita katikati ya watu kama mwalimu wa zamu bwenini. Hakupaza sauti. Alimwambia mwanawe kwamba akina mama walikuwa wanatafuta wimbo wa kuanzia, na wakishaanza kuimba, jambo halirudi nyuma.

"Bon, haya," alisema. "Nenda uwaambie ni makosa. Sasa hivi."

Kerubo alilisikia neno hilo la makosa. Akaanza kufungua kitenge, lakini fundo liligoma, kwa sababu alivaa glavu nene na hakutaka kuzivua mbele ya watu waliokuwa wakimtazama mikono kutafuta pete.

Byamungu aliwatazama akina mama, akamtazama Kerubo. Akienda kusema ni makosa, atakuwa amemkana msichana mbele ya kanisa zima. Akinyamaza, atakuwa amemwoa bila kumwuliza. Kwa miezi mitano alikuwa ameogopa kusema. Sasa kunyamaza ndiko kulikotisha zaidi.

"Maman, siendi," alisema. "Kuna mtu sijamwuliza."

Akasimama mbele ya Kerubo, ndevu zimeganda.

"Nilichukua nguo bila kuuliza, na kwa nguo hiyo nikakuchukua wewe bila kuuliza, mbele ya watu. Nisamehe. Lakini siwezi kwenda pale kusema sikutaki. Nitakuwa nimewadanganya akina mama kumi na watano, na wawili ni mashemasi."

Mdomo wa Kerubo ulicheza kidogo. "Kwa hiyo unataka nini?"

"Wewe. Tangu mwezi wa tisa. Ukikataa, nitawaambia kosa ni langu peke yangu, na jina lako halitaguswa."

"Tangu mwezi wa tisa." Kerubo aliacha fundo. "Na kila Jumapili unanipeleka nyumbani ukinisimulia mashine za kukausha mashuka?"

"Nilikuwa nakaribia."

"Sikia, Byamungu. Kwetu msichana hatangazwi kwa video. Watu wanakuja, wanakaa, wanasema wametoka wapi na wamefuata nini."

"Hata kwetu ni hivyo."

"Basi mbona mimi nimeteremshwa kilimani kama gunia?"

Byamungu akampangusa theluji begani. Nyangumi akapita nyuma yao akipiga kelele.

"Mimi nilijua mwezi wa kumi," Kerubo alisema. "Nilikuwa nangoja ulimalize suala la mashuka."

Kisha akamwomba Dada Maombi simu, na kwa kuwa Maombi hakuwahi kuitoa kwa mtu, akina mama walijua hili ni jambo zito. Kerubo akarekodi ujumbe wa sauti kwenye kundi la kanisa.

"Bwana asifiwe. Naitwa Kerubo. Sijaolewa. Nimeulizwa leo, sasa hivi, na nimesema waje. Wazee wa mzee Hategekimana wanajua kwa kaka yangu ni wapi. Hadi watakapofika, msinipigie vigelegele. Asanteni."

Maman Vestine akamwambia Kerubo asihangaike na fundo hilo, baridi ni kali, wataongea baadaye. Mkono wake ulibaki begani kwa Kerubo zaidi ya ilivyohitajika.

Kerubo aliupeleka ujumbe huo huo kwa Maurice. Jibu lilikuja wakiwa kwenye foleni ya kakao ya moto, Byamungu ameshika vikombe viwili, akina mama wamejibana midomo kwa shida kubwa.

"Jumamosi ijayo niko kazini. Waje Jumapili yake baada ya ibada. Mama amekubali. Ila ameitazama tena ile video, anauliza kama aliyekuwa akiendesha ndiye mwoaji."

Kerubo akaandika: "Ndiye."

Maurice akajibu:

"Anasema sawa. Lakini siku ya kuja, aje na gari lenye breki."

Byamungu akaisoma mara mbili, akaweka vikombe chini kwenye theluji, akavua glavu, na akalikubali sharti hilo kwa maandishi.