Mnanaha Kwenye Tuta la Mchicha

"Wapishe!" Minza alimvuta mumewe kando ya mlango. "Wanapita."

"Kina nani?"

"Wapagazi. Wamebeba pembe. Wanakanyaga mchicha wetu na jani halilali!"

Jua la mchana lilikuwa kali. Kornel aliona matuta tu, mchicha na maua meupe marefu kama tarumbeta, aliyoyapanda Minza mwenyewe alipoolewa hapa Kigwa. Lakini Minza aliwaona wazi. Wa mbele aligeuka. Hakuwa na uso.

"Tena leo!" Ng'washi, mama mkwe, alishika kichwa. "Misafara ya zamani ilipita hapa. Wafu wamempenda, Kornel. Mrudishe kwao Lusu kabla hawajamchukua."

"Niache niende," Minza alisema, koo limemkauka. "Nisije nikakudhuru."

Kornel, kibarua wa reli ya Mwingereza, siku zote alikula kazini. Leo aliketi, akavuta bakuli la mboga la mkewe.

"Unafanya nini?"

"Nakula na mke wangu. Kama ni wazimu, tuwe nao wote."

Kabla jua halijatua mboni zilimpanuka, macho yakawa meusi. Akamng'ang'ania Minza mkono.

"Yule wa mbele... mbona ananiita kwa jina?"

Minza akamkumbatia, akalia. Angalau sasa hakuwa peke yake nao.

Kesho yake, fahamu zilipomrudia, Kornel alinong'ona, "Hana uso."

"Hata wewe umemwona?"

"Nimemwona. Lakini hawajawahi kunijia, Minza. Nimekula mboga tu, wamekuja. Nani aliichuma?"

"Mama. Hataki nichume mimi. Mwenyewe hali mboga, anakunywa maziwa."

Walimkuta bustanini, anachuma kwa kupapasa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Kornel akamwekea kiganjani tawi la mnanaha, lile ua jeupe la tarumbeta likining'inia.

"Hili nini, mama?"

"Si mchicha?"

Hasira ilimpanda Minza, kisha akayatazama macho yale yaliyotandwa na utando.

"Mama, unaniona?"

Ng'washi akaketi juu ya tuta.

"Naona ukungu, mwanangu. Nilificha. Mama mkwe asiyeona ni mzigo. Wallahi nilidhani ni wafu, kumbe ni mikono yangu!"

"Na mimi ndiye niliyeyapanda maua haya," Minza alisema. "Sikujua yana sumu."

Aliing'oa minanaha yote, akaichoma moto.

"Utayakosa maua yako," Kornel alimwambia.

"Nitapanda maboga. Ua lake zuri, na linaliwa."

Jioni alichuma na kupika mwenyewe. Akamshika mama mkwe mkono, akauongoza hadi kwenye bakuli. Ng'washi alisita kidogo, kisha akamega tonge, akachovya.