Mkanda wa Msibani

Ngosha aliweka jicho kwenye kamera ili ampige picha binti yake, akasikia harufu ya matope ya ziwa. Harufu hiyo ilikuwa pale pale sebuleni kwake Pasiansi, mchana wa jua kali, na mkewe Dorcas alikuwa ametoka tu kupiga deki! Akaifuta kamera kwa flana, akapiga.

Kamera hiyo ilikuwa ugonjwa wake. Iliingia Mwanza miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, ndani ya sanduku la vitu vya mtumba, na tangu ainunue hakuna mteja wa picha ya pasipoti aliyeepuka hotuba yake.

"Hii ina kioo ndani," alizoea kusema. "Ninachokiona mimi ndicho inachokiona lenzi. Nikibonyeza, kioo kinaruka juu, jicho langu linaingia giza kidogo, tayari!"

Kinachopita katika giza lile dogo hakuwahi kukijali. Wala hakujali kwamba mkono wa kuvutia mkanda ulikuwa unateleza, mara nyingine picha mbili zikapandana.

Asubuhi ya siku ile alikuwa Kiseke, kwenye maziko ya Ng'washi, mama kijana aliyezama ziwani akimtafuta mwanawe. Mama alipatikana, mtoto hakupatikana. Ndugu walitaka picha kama kawaida, wote wamezunguka jeneza lililo wazi, naye akawapiga. Mkanda ukabaki na nafasi chache, na Ngosha alikuwa bahili wa mikanda, kwa hiyo akaumalizia nyumbani. Kwanza alipiga ya familia. Aliiweka kamera juu ya kabati, akaitegea saa yake ya kujipiga yenyewe, ikaanza tik, tik, tik, naye akakimbia kusimama ukingoni, Kija katikati, Dorcas upande wa pili. Kisha akampiga Kija peke yake, picha tatu, na gauni lake jipya.

Kabla jua halijazama, Kija akaanza kutetemeka. Hakuwa na homa, alikuwa wa baridi, na nywele zake zilikuwa zimelowa ingawa hakuna aliyemwogesha. Zahanati walimpa dawa, akaitapika pamoja na maji na mchanga mweusi.

"Baba Kija," Dorcas alinong'ona, "mtoto anasema nimwambie yule mama aache kumvuta mkono."

"Mama gani?"

"Anasema amesimama nyuma yangu."

Ngosha aliingia katika chumba chake cha giza, akaosha mkanda, akaukausha, akauinua kwenye taa, na pale alipotegemea kumwona Kija peke yake mbele ya pazia akamwona na mwanamke mlangoni, mwenye kanga ile ile aliyozikwa nayo Ng'washi, na katika picha iliyofuata mwanamke amefika kwenye kiti, na katika ya mwisho ameinama nyuma ya mtoto, nywele zikichuruzika, mkono umeshika bega la gauni jipya.

Akautia mkanda mfukoni, akakimbia kwa Paskazia, bibi jirani aliyetibu watu kwa mizizi huku rozari ikiwa shingoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Usiniambie, nimeshasikia harufu." Bibi aliupokea mkanda, akautazama kwenye koroboi, akaguna. "Umemfunga marehemu na walio hai kwenye kamba moja, mwanangu. Ametafuta mtoto, ukampelekea mtoto."

"Nifanye nini?"

"Kata. Tenganisha msiba na nyumba yako. Atakayebaki upande wake ni wake."

Ngosha alishika mkasi, akatafuta nafasi kati ya jeneza na familia yake. Hapakuwa na nafasi. Mkanda ulikuwa umeteleza, picha mbili zimepandana, na ukingo wa jeneza ulikuwa umelala juu ya kifua cha mtu aliyekimbia kusimama pembeni. Akikata kabla ya mtu huyo, jeneza litabaki na Kija. Akikata baada yake...

Aliogopa. Aliogopa mpaka meno yakagongana, na bibi akageuza uso ili asimwone.

Akakata kati yake na mwanawe.

Alipofika nyumbani alimkuta Kija amekaa kitako, nywele kavu, anadai uji. Dorcas alikuwa analia na kucheka. Ngosha alitazama kipande cha mkanda alichorudi nacho: Kija na mama yake, halafu Kija peke yake, bila yule mwanamke. Kipande kingine, chenye jeneza na yeye mwenyewe, alikuwa amekiacha kwa bibi. Hakutaka kujua kama jeneza lile bado lilikuwa na mtu.

"Mbona umesimama mlangoni?" Dorcas aliuliza. "Na hilo shati umelilowesha wapi?"

Harufu ya matope ilikuwa imemjaa puani. Juu ya kabati, kamera isiyo na mkanda ilianza yenyewe: tik, tik, tik.

Ngosha alimtazama binti yake akipuliza uji. Kisha akafunga kifungo cha kola, akasimama wima kama alivyowafundisha wateja wake, na mkono wa baridi ukamshika begani.