Ubwiri Kwenye Ukuta wa Foibe

Mnusajani iliteleza kwenye reli yake ya darini, ikashusha pua nyembamba kama sindano, ikaanza kunusa letusi shina moja baada ya jingine. Kila nyumba ya ghorofa jijini Dodoma ilikuwa na ukuta wa mboga, na kila ukuta ulikuwa na mashine kama hiyo, iliyotambua ugonjwa siku tatu kabla jicho halijaona doa. Kwenye shina la kumi na moja ikasimama, ikatangaza:

"Ubwiri umegunduliwa. Nyumba imefungwa."

Dakta Foibe Chilongani alikuwa ameshavaa viatu. Mama yake alikuwa afanyiwe upasuaji wa moyo saa nane mchana. Akasikia mlango ukijikaza, kisha matundu ya hewa yakijifunga moja moja. Hakuhitaji maelezo. Kanuni hiyo aliiandika yeye, miaka sita iliyopita, ubwiri, ule ukungu wa majani, ulipoteketeza mboga za jiji zima: nyumba yenye ugonjwa ifungwe, watu na mimea pamoja, mpaka ipimwe safi mara mbili.

Alivua viatu, akafanya kazi. Alichuma majani yote ya shina la kumi na moja akayafunga ndani ya mfuko, akang'oa mashina yaliyosongamana, akafuta mkasi kwa spiriti, akamwagilia chini kwenye mizizi bila kulowesha jani. Mnusajani ikapita tena. Sasa ugonjwa ulikuwa kwenye mashina matano. Saa sita yakawa tisa.

Kuta zilikuwa zinatoka jasho. Foibe akapitisha kidole kwenye kioo cha dirisha, maji yakachuruzika, na hapo akaelewa. Ubwiri hupenda unyevu, na nyumba isiyo na upepo ni unyevu mtupu. Kufuli lake ndilo lililokuwa likiulea ugonjwa.

Akagonga ukuta wa jirani.

"Shikamoo, Mzee Lugendo. Ni Foibe. Nimefungiwa."

"Marahaba. Pole, mwanangu. Mimi mwaka jana nilikaa siku arobaini na moja. Niliwaandikia ofisini kwenu kwamba nyumba ikikosa hewa ugonjwa unazidi. Nikajibiwa kwamba sijui kumwagilia. Mke wangu alifia hospitalini, wakamzika mimi nikiwa humu."

Foibe aliikumbuka barua ile. Jibu alilitia sahihi yeye.

Akapiga simu ofisini. Mhandisi wa zamu akasema, "Dakta, tukufungulie? Sahihi yako inatosha."

"Wangapi wamefungwa leo?"

"Nyumba mia mbili na kumi na tatu."

"Nao watafunguliwa?"

"Hao mpaka kikao kibadilishe kanuni."

Foibe alitazama saa. Saa saba na nusu. Kama ungefunguliwa mlango wake peke yake, nani angemwamini kikaoni?

"Niacheni," alisema. "Rekodini vipimo vyangu vyote, waone kufuli linavyoulea ugonjwa. Itisheni kikao."

Mama yake akaingizwa chumba cha upasuaji bila kushikwa mkono na mtu.

Siku ya tatu kikao kilikubali: ukuta wa mboga ufunikwe na upulizwe hewa kavu, watu waachwe huru. Milango yote ikafunguka kwa pamoja. Mama alikuwa ameshazinduka, akimwulizia. Foibe alitoka mbio, lakini miguu ikamfikisha kwanza mlangoni kwa Mzee Lugendo.

"Mzee, ile barua yako..."

"Mama umeshamwona?"

"Bado. Nimeanzia hapa."

"Basi umekosea njia," mzee akasema taratibu. "Nenda kwa mama yako. Mimi nitasubiri. Nimezoea."