Ufunguo wa Tanuri

Katika mtaa mmoja waokaji watano walikuwa na tanuri moja. Ufunguo walipokezana. Mwezi ulipoisha, aliyekuwa nao alimkabidhi mwenzake, hata kama yeye ni hodari kupita wote. Hawakugombana, maana kila mmoja alijua zamu yake itafika.

Kisha mambo yakaharibika. Viwanda vilifungwa. Bei ya unga ilipanda asubuhi, ikapanda tena jioni. Mwokaji mmoja, aliyeitwa Baba Mkate, alianza kurudi nyumbani mikono mitupu. Fikiria, watoto wa mwokaji wanalala na njaa!

Ndipo mtu mmoja aliyejiita Jemadari akaanza kusikika redioni. Alisema njaa imeletwa na wageni na wasomi. Aliahidi kujaza maghala, ila kwanza apewe madaraka yote. Bunge na mahakama zikae kando mpaka shida iishe. Wananchi wakaitwa kupiga kura, ndiyo au hapana.

Mdogo wa mke wa Baba Mkate alikuwa akifundisha watu wazima kusoma. Watoto walimwita Mama Mdogo. Jioni moja alimgeukia Baba Mkate.

"Shemeji, mwenzako akitaka kukaa na ufunguo wa tanuri mpaka shida iishe, utakubali?"

"Hata kidogo. Nani ataamua kwamba shida imeisha?"

"Na huyu wa redioni, nani atamwamulia?"

Baba Mkate alicheka. Alisema ya tanuri ni ya tanuri, na ya nchi ni ya nchi. Kisha kicheko kikamwisha.

"Mwenye njaa hana miiko, shemeji. Watoto wangu wanalia."

Akapiga kura ya ndiyo. Wengi walipiga hivyo hivyo. Mimi siwacheki, njaa inauma.

Unga ulikuja kweli, kwa wiki chache. Mkate ulinukia mtaa mzima, na watu wakamwimba Jemadari. Magazeti yalipofungwa hawakujali, maana gazeti haliliwi. Vyama vya wafanyakazi vikafuata. Kisha unga ukatoweka tena, na safari hii hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini. Mama Mdogo aliuliza, mbele ya wanafunzi wake. Askari walimchukua darasani, chaki ikiwa bado mkononi.

Baba Mkate alikwenda kituo cha polisi, akafukuzwa. Alikwenda mahakamani, akakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Kufuli lile alikuwa amelikubali yeye mwenyewe kwa kura yake. Majuto ni mjukuu. Alikaa kwenye ngazi, akalia mpaka mlinzi akamwondoa.

Mama Mdogo hajarudi. Mezani kiti chake hakikaliwi na mtu. Siku hizi dada yake, mke wa Baba Mkate, ndiye anayefundisha lile darasa, kwa siri, nyuma ya tanuri. Huanza na swali lile lile la ufunguo, na wanafunzi wanazidi kuongezeka.

Mwezi uliopita ufunguo ulikuwa kwa Baba Mkate. Zamu yake ilipoisha, wenzake walimsihi aendelee nao. Nyakati ni mbaya, walisema, na yeye anajua kuupima unga kidogo ukatosha wote. Baba Mkate alitikisa kichwa, akauweka ufunguo katika kiganja cha aliyefuata.

"Mwezi ukiisha, mpe mwenzako," alisema. "Hata kama bado kuna njaa. Hasa kama bado kuna njaa."

Kisha akaingia darasani, akakaa nyuma kabisa. Mkewe alikuwa ameanza kuuliza.