Mlango Alioufunga Mwalimu Anguzu

Haya si ya zamani. Wenyewe bado wanapalilia karanga zao huko Pajulu, na ukipita na pikipiki utawasalimia bila kujua umemsalimia nani.

Elise alirudi kwake siku ya arobaini na moja. Alikuwa Koboko kwenye matanga ya mama yake, kwa ndugu zake wale Wakongomani wanaouza vitenge sokoni. Alifika saa nne asubuhi, mzigo kichwani, na Linda, binti yake wa miaka sita, mtoto wake mmoja tu, akatoka mbio uani akamkumbatia miguu. Elise akamwinua, akapeleka pua utosini, pale mama yeyote anapopeleka pua akitoka safari.

Hakukuta harufu.

Si kwamba alikuta harufu mbaya. Siku zote Linda alikuwa na harufu yake ya moshi, simsim na jasho la mtoto anayekataa kuoga, na sasa haikuwapo. Elise akanusa tena. Hata jiwe la mtoni lina harufu. Huyu hakuwa nayo.

"Umemwogesha na nini?" akamuuliza mume wake.

Anguzu, mwalimu wa fizikia katika shule moja mjini Arua, alikuwa amesimama kizingitini. "Na maji, mama Linda. Mtoto anaoga na nini kingine?"

"Hana harufu."

"Basi ndiyo usafi. Ulikuwa unanilaumu simwogeshi." Akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwa mtoto, hayabanduki. Hata pole ya mama mkwe hakutoa.

Chumba kidogo cha nyuma, alicholala Linda, kilikuwa na kufuli. Mchwa, alisema Anguzu. Alikuwa amepulizia dawa, na mtu asifungue. Elise hakuuliza zaidi. Mtu aliyetoka kumzika mama yake hana nguvu ya kuuliza habari za mchwa.

Lakini nywele alizijua. Siku aliyoondoka alimsuka Linda mistari mitano. Sasa siku arobaini zimepita, na mistari ilikuwa imebana kama ya jana, nywele hazijaota hata kidogo. Akamketisha kivulini, akafumua mstari wa kwanza, akafumua wa pili, na alipofika kwenye wa tatu akaona wa kwanza umeshajisuka. Mikono yake ikasimama hewani.

"Ulinisuka vizuri, mama," alisema Linda bila kugeuka. "Usifumue."

Kuanzia hapo Elise akawa anasikiliza. Mtoto alipenda kuruka kamba uani, tap, tap, tap, na Elise akigeukia jiko sauti ilikatika. Haikupungua kama mtoto anayechoka. Ilikatika katikati kama redio iliyoishiwa betri, na akitazama tena, Linda yuko juu hewani, anashuka, tap. Siku moja mchana, jua limesimama wima na kuku wote wamejificha, Elise alijifanya anapepeta mtama kisha akageuka ghafla, na akaona gauni liko, mikono iko, kamba iko, ila uso ulikuwa haujafika, mahali pa uso palikuwa laini na peupe kama unga wa muhogo kabla haujatiwa maji, halafu macho yakaja, moja kisha jingine, halafu pua, na mdomo ukaja mwisho, ukaja ukiwa tayari unacheka.

Na siku zote hizo macho ya Elise mwenyewe yalikuwa yanafifia pembeni, akawa anaiona dunia kama kupitia shingo ya chupa.

Jirani yake Celestina, aliyekuja na wakimbizi wa Sudan Kusini na sasa analima shamba linalopakana na lao, alimwita kutoka nje ya ua. Zamani alikuwa anaingia hadi jikoni na kufunua sufuria. Siku hiyo hakuvuka.

"Elise, kuja hapa. Mtoto abaki."

"Iko nini?"

"Ongea pole pole." Celestina akatazama juu ya bega la Elise, akashusha macho. "Wewe ulikuwa Koboko, mtoto alikuwa mgonjwa. Homa mbaya. Mimi nilileta majani ya mwarobaini. Bwana yako alifunga ile mlango, akaweka kiti nje, akakaa. Siku mbili. Maji hapana kunywa."

"Halafu?"

"Halafu mtoto alionekana kwa uwanja."

"Alipona."

"Mimi hapana ona akipona. Mimi hapana ona mlango ikifunguliwa." Celestina akakaza mshipi wa nguo yake. "Na mbuzi yangu hapana pita hapa tena. Mbuzi, Elise. Yule aliyekula nguo ya katekista na msalaba yake ndani."

Elise hakuweza kucheka. "Kwa nini hukuniletea habari?"

"Bwana yako alisema amekuambia. Alisema wewe umesema ni sawa."

Siku hiyohiyo Elise akamkuta Anguzu chini ya upenu wa nyumba, vidole vyake vikiwa bado vyeupe kwa chaki.

"Mwalimu, kwa ile chumba kuna nini?"

"Hakuna anayejua," akajibu taratibu. "Ndiyo maana yuko hai."

Kisha akasema yote, kwa sauti ya chini, kama anayeeleza somo kwa mwanafunzi mzito. "Kila mwaka ninawafundisha wanafunzi. Chembe moja, ndogo mara nyingi kuliko vumbi hili la chaki, haina mahali pake. Iko huku, na iko kule. Mtu akiitazama, ndipo inachagua. Na wako wasomi wakubwa wanaosema huenda dunia yote ni hivyo, imechorwa tu kama mchezo wa kwenye simu, na pasipo na wa kutazama hapachorwi kitu. Siku ile nilimsikia Linda anahema. Halafu sikumsikia. Ningeingia, dunia ingechagua. Kwa hiyo sikuingia. Nilifunga."

"Ulimwacha mutoto wangu mule, peke yake."

"Sikutazama, Elise. Siku ya pili, saa sita kamili, sauti ikatoka mle ndani. Ikasema, baba, usifungue. Nitazame huko nje, nami nitakuwa huko nje. Nikageuka, na alikuwa amesimama penye kamba ya nguo."

"Ile sauti ya nani?"

Anguzu akajifuta chaki vidoleni.

"Nilipiga simu Jumapili, nikiwa Koboko," alisema Elise. "Ukaniambia muko salama. Ukamupa simu. Akaniambia, mama, rudi."

"Alisema macho yangu peke yake hayamtoshi. Anakula kutazamwa, hana chakula kingine. Alihitaji na ya mama." Akavua miwani yake na kuifuta, na Elise akaona mboni zake zimekuwa na rangi ya maji ya mchele. "Wewe ni mama yake. Ungekubali."

"Hukuniuliza."

"Ungekubali," akarudia Anguzu.

"Na kaka zangu?"

Hapo mwalimu akatabasamu, na tabasamu hilo ndilo Elise alilosema baadaye kwamba hatalisahau. Kwa maana upande ule mtoto akifa, kilio hakipigwi na shimo halichimbwi mpaka wajomba zake wameambiwa. Anatumwa mtu, anakwenda mwenyewe, anakaa chini mavumbini mbele ya kaka wa mama na kusema kwa mdomo wake. Simu haihesabiwi. Kabla ya hapo, hata maiti ikiwa imelala palepale, wazee watakuambia mtu huyo bado yuko njiani. Miaka yote Anguzu aliicheka desturi hiyo akisema ni ya watu wasiosoma. Alipoihitaji, akaishika kwa mikono miwili.

"Kaka yako Zéphyrin hajaambiwa," alisema. "Kwa hiyo hakuna kilichotokea. Mambo mawili yanamshikilia, mlango ule na mdomo wa yule atakayepeleka habari. Na huyo mtu hatakuwa mimi."

"Mama," ilisema sauti nyuma yao, karibu sana, ingawa hakuna aliyesikia hatua. "Usiende Koboko."

Elise hakulala, akiwaza jambo moja tu. Kama anayecheza uani ni Linda, basi aliyelala nyuma ya kufuli, bila sanda, bila mtu wa kumlilia, ni nani? Na kama aliye nyuma ya kufuli ndiye Linda, mama yake amepika wiki nzima hatua tano kutoka kwake, akiimba.

Asubuhi akampa mtoto uji mbele ya ua, na wanawake waliokuwa wanakwenda kuchota maji wakamsalimia mtoto, naye akawaitikia vizuri. Anguzu alikuwa ameshakwenda shule. Elise akachukua kapu kama anayekwenda shambani, akatembea hadi barabarani. Hakumwita Linda. Lakini kila alipotazama nyuma Linda yupo, hatua kumi, kisha hatua tano, na kwenye gari la Koboko alikuwa amekaa magotini pake, mzito kama mtoto wa miaka sita alivyo mzito; na Elise alipofumba macho, uzito ule ukaondoka wote, magoti yakabaki matupu, na alipofumbua ukarudi, na safari nzima akawa anafumba na kufumbua, anafumba na kufumbua, akimpoteza mtoto wake na kumpata, kumpoteza na kumpata, hadi mwanamke wa kiti cha pili akamuuliza kama vumbi limemwingia machoni.

Zéphyrin, kaka yake mkubwa, alikuwa anakunja vitenge kibandani. Akafurahi kuwaona. "Elise, juzi tu umeenda, umeshasahau nini? Na wewe kadogo, njoo usalimie mujomba."

Linda akapanda juu ya rundo la vitenge, akakaa.

Elise akatua kapu. Kisha akakaa chini, kwenye vumbi la soko, miguu ameinyoosha mbele. Zéphyrin akaacha kukunja. Mtu wa Koboko haambiwi maana ya mwanamke anayekaa hivyo.

"Juu ya nini unakaa chini?"

"Yaya, kaka yangu, ukinipenda, usimutazame yeye. Nitazame miye."

"Elise."

"Nitazame miye."

Akamtazama dada yake. Na nyuma yake, juu ya vitenge, sauti ikaanza, ndogo na tamu, sauti ileile iliyojifunza kusema kwenye kifua cha Elise. "Mama. Niangalie kidogo tu." Elise akakaza macho kwenye uso wa kaka yake. "Mama, mara moja tu, mimi sitasumbua, nitakaa, nitaoga kila siku, mama, ukisema sitakuwa na mahali, mama, giza, huku iko giza," na sauti ikawa inatoka chini ya vitenge, halafu ndani ya kapu, halafu ndani ya sikio la Elise mwenyewe, na watu wa soko walikuwa wanapita wanabishana bei kama siku zote, na jasho linamtoka Zéphyrin naye anatamani kugeuka kama mtu anavyotamani kupiga chafya, na bado hakugeuka, kwa kuwa dada yake alikuwa amemshika miguu kwa mikono miwili.

"Yaya Zéphyrin," alisema Elise, "nimekuja kukuambia. Linda amekufa. Nyumbani kwetu, kwa homa. Miye sikuwa huko."

Sauti ikakatika katikati.

Zéphyrin alipogeuka, kitenge cha juu kilikuwa kimenyooka, hakina hata alama ya kukaliwa.

Saa hiyohiyo, huko Pajulu, harufu ilitoka. Harufu yote iliyokuwa imezuiwa ikatoka kwa mara moja chini ya ule mlango, ikafika hadi barabarani, na Anguzu akaletwa na pikipiki kutoka darasani akiwa na chaki mkononi. Hakufungua. Wajomba walifika kabla ya jua kuzama, wakavunja kufuli wao wenyewe. Zéphyrin akamwambia Elise abaki nje, naye akakataa, akaingia. Linda alikuwa amelala amegeukia mlango. Nywele zake zilikuwa zimeanza kufumuka.

Kilio kikapigwa. Wanaume wakaenda kuchimba nyuma ya nyumba, Zéphyrin akiwa wa kwanza kushika jembe, na wanawake wakatandika mikeka kumzunguka Elise. Celestina alikaa bega kwa bega naye.

Ndipo Anguzu akaja akasimama mbele ya mikeka. Hakupiga kelele. Aliongea kama yuko mbele ya darasa.

"Asubuhi ya leo mtoto wangu alikunywa uji pale penye ua. Wako wanawake hapa aliowasalimia. Alikuwa mzima. Mama yake akamchukua Koboko, na sasa ni maiti. Muulizeni alisema nini huko. Muulizeni nani alifungua mdomo."

Wanawake walikuwa wamemwona, kweli, na walikuwa wameitikiwa.

"Celestina," alisema Elise. "Waambie. Ile uliyoniambia."

Celestina alikuwa mgeni Pajulu. Shamba analolima ni la ukoo wa Anguzu. Akavuta nguo yake juu ya magoti, akasema polepole akitazama majani ya mkeka, "Mimi niliona mtoto mzima."

Mwanamke wa kwanza akainuka na mkeka wake. Kisha wa pili. Walihamia upande wa Anguzu mmoja mmoja, vichwa wameviinamisha, na hakuna hata mmoja aliyemtazama Elise. Akabaki peke yake katikati ya ua, akingoja jicho la mtu, na lilipokosekana akainua mkono polepole, akajipapasa uso, aone kama bado upo.