Jino la Gladys na Kibao cha Shule

Kila asubuhi Bochaberi alichuma majani ya chai na mama yake hadi jua lilipotokeza juu ya vilima vya Sironga. Kisha aliosha miguu, akanywa uji, akakimbilia shuleni. Langoni aliacha Kigusii, kama mtu avuavyo viatu vyenye tope. Hiyo ndiyo sheria. Aliyeponyokwa na neno moja la nyumbani alivishwa kibao shingoni, na alikivua tu kwa kumnasa mwenzake akikosea. Aliyekutwa nacho kengele ya saa kumi ikilia, alichapwa.

Kibao hicho kilikuwa kimeng'aa kwa jasho la shingo za watoto. Babu zetu walikivaa enzi za mkoloni. Mkoloni akaenda zake, kibao kikabaki.

Mwaka 1992, Bochaberi akiwa na miaka kumi, kilikuwa shingoni mwake na kengele ilikaribia kulia. Akamwona dada yake Gladys, wa darasa la nane, akifagia uwanja.

"Nyoka! Nyuma yako!" akapiga yowe.

Gladys aliruka. "Ng'ai?" akauliza yuko wapi, kwa lugha ya mama yake. Basi, kibao kikahamia kwake, kengele ikalia, wakaitwa darasani. Siku hiyo Mwalimu Thadeus hakutafuta fimbo. Alimpiga mdomoni kwa dasta ya mbao, jino la mbele likaanguka sakafuni.

"Mtasema alianguka mtoni," akawaambia wote wawili. "Mmenisikia?"

"Ndiyo, mwalimu."

Wakasema hivyo. Miaka mitatu Gladys alicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Thadeus alipandishwa cheo, akawa mwalimu mkuu. Nani alimuuliza kitu? Hakuna.

Mwaka 1995 Gladys alipata kazi ya kufundisha chekechea, akaogopa watoto wangemcheka. Bonasi ya chai, malipo ya wakulima ya kila mwaka, ilipotoka, mama yao, Drusilla, akawapeleka mjini Kisii kwa Arvind, daktari wa meno.

"Bwakire," daktari akawaamkia. Bochaberi akageuka kutazama mlango. Mtu mzima, Mhindi, mwenye koti jeupe, anasema Kigusii mchana kweupe na hapigwi!

"Nitachonga meno haya mawili ya jirani, niyavike kofia, nayo yalishike jino jipya katikati," daktari akaeleza. "Tunaita daraja. Lakini hili la kushoto limegeuka rangi. Liligongwa?"

"Nilianguka mtoni," Gladys akajibu upesi.

"Niambie sawasawa, dada. Kama liligongwa kwa nguvu, huenda mzizi umepasuka. Nikilitegemea, daraja litang'oka."

"Alianguka, daktari," Drusilla akasema. "Waliniambia wenyewe."

Daktari akachukua mashine ya kuchongea. Gladys akafumba macho.

"Mama, hakuanguka!" Bochaberi akalia. Akasema yote: kibao, dasta, hata yule nyoka ambaye hakuwepo.

Drusilla hakufoka. Aliketi kwenye benchi. "Miaka mitatu," akasema. "Kila Sabato namsalimia mtu yule kanisani. Nimempelekea ndizi."

Picha ya jino ilipopigwa, mzizi ulionekana umepasuka. Jino la pili likang'olewa, na baada ya miezi kadhaa daraja refu zaidi likawekwa. Lilikaa vizuri. Gladys alijitazama kwenye kioo, akacheka, na mkono ukapanda wenyewe kuziba mdomo.

Drusilla alikwenda kumshtaki Thadeus katika ofisi ya elimu. "Mama, hayo ni ya zamani," karani akamwambia. "Mtoto si amepata jino?"

Kibao kiliendelea kuzunguka. Ijumaa moja kikamfikia Bochaberi. Kabla ya kengele, Nyakundi, mtoto wa darasa la pili, aliteleza ulimi akasema Kigusii mbele yake. Bochaberi alimtazama, akanyamaza. Akachapwa viboko vinne.

Jioni mama yake alimkanda viganja kwa maji ya moto.

"Ukweli wako umeliokoa daraja la dada yako," akasema. "Ungechelewa kidogo tu, lingejengwa juu ya jino bovu. Kibao hujakiondoa, na sijui nani atakiondoa. Lakini leo hakikupita kwako kwenda kwa mtoto mwingine. Mwanangu, mkubwa akikwambia udanganye, anajificha nyuma yako. Mkatalie. Na jina lake usilisahau."